Miaka Kumi na Sita Uani

Vijana wangu wa mazoezi ya Jumamosi,

Tangu nilipokabidhi jezi mmekuwa mkinisumbua niandike nilivyoishi kwa kazi ya besiboli katika nchi ya watu, huku China, miaka kumi na sita. Mmesema mnataka kujifunza. Niliwaonya kwamba katika miaka hiyo yote sikudaka mechi rasmi hata moja ya ligi, mkacheka mkidhani natania. Sitanii. Jina langu lilikuwa kwenye orodha za timu nne, katika miji mitatu, na kila msimu nilipigwa picha nimevaa jezi ya mechi ikiwa safi. Ilibaki safi mpaka mwisho wa msimu kwa sababu hiyohiyo. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nyote mmetoka kwetu, na kwa kuwa Kocha Liang, bosi wangu wa mwisho, hawezi kukisoma.

Mchezo huu niliuanza Dar es Salaam, kidato cha pili, alipokuja mwalimu wa hisabati kutoka Japani. Tulimwita Mwalimu Kenji. Alikuwa mwembamba, mwenye haya, na alikuja na mzigo wa glovu kuukuu alizochangiwa na watu wa kwao. Siku ya kwanza alitupanga mstari uwanjani akaanza kuzigawa, mmoja mmoja. Sasa, glovu ya besiboli huvaliwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kurushia mpira. Hilo tungelijuaje? Tulichojua ni kwamba mwalimu akikupa kitu unakipokea kwa mkono wa kulia, na ukiwa umelelewa vizuri unainama kidogo. Tukapokea, tukavaa palepale kwenye mkono uliopokea, kidole gumba kikakaa mahali pa kidole cha mwisho. Kwetu halikuwa jambo la kufikiri: kazi ya glovu ni kupokea, na mkono wa kushoto haupokei kitu cha mtu. Mwalimu Kenji alitutazama tumevaa kulia darasa zima, macho yakamng'aa. Alidhani amepata shule nzima ya mashoto, na huko kwao mrushaji mashoto ni mali.

Alipogundua kosa alitumia wiki nzima kuwarekebisha wenzangu. Wiki hiyo mimi nilikuwa kitandani na malaria. Niliporudi alinikuta bado narusha kwa kushoto, nilivyojizoesha kwenye ukuta wa nyumba yetu, akaamua kwamba mimi ndiye mashoto wa kweli. Akaitafuta mzigoni glovu pekee iliyoshonwa kwa ajili ya mkono wa kulia, akanikabidhi kwa mikono miwili na heshima zote. Niliona haya kumwambia kwamba naandika, nala na kupiga mswaki kwa kulia. Nikaipokea. Kwa hiyo simjui mtu mwingine aliyeharibu kazi yake ya michezo kwa adabu, na mimi nilifanya hivyo mara mbili. Ya pili nitaifikia.

Kuhusu kwa nini nikawa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji, sababu ni kwamba hakuna mwingine aliyetaka. Mpira unaumiza, vifaa vya kujikinga vilikuwa nusu, na siku nzima upo chini. Kuchuchumaa hakukunisumbua, nimekulia nyumba yenye choo cha shimo. Lakini mdakaji anayerusha kwa kushoto ni kitu ambacho waajiri hawakitaki hata bure. Wapigaji wengi husimama upande wa kushoto wa mdakaji, mbele kabisa ya mkono wangu wa kurushia. Adui akikimbilia besi ya tatu, kituo kilicho upande wangu wa kushoto, mimi kabla ya kumrushia mwenzangu huko inabidi kwanza nimzunguke mpigaji, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni. Mara moja mazoezini sikumzunguka, nikampiga kwa mpira kwenye kofia ya kichwani. Aliniuliza nina ugomvi naye gani.

Guangzhou nilikuja kwa skolashipu, kusomea usafirishaji wa mizigo. Chuoni kulikuwa na timu ya besiboli isiyo na mdakaji, kwa sababu zilezile nilizozitaja. Nikaingia. Mwaka wa mwisho alikuja kututazama mzee mmoja wa hapahapa mjini, mwenye vidole ambavyo kila kimoja kilielekea njia yake. Huyo ndiye Mzee Tan, mdakaji wa zamani, wakati huo akiwafundisha warushaji wa timu ya kulipwa. Alinitazama nusu saa. Kisha akaniambia kwa Kichina cha polepole, ili nisikose hata neno, kwamba mechini sitacheza kamwe. "Mei banfa," akasema, yaani hakuna la kufanya. Lakini mikono yangu inajua kupokea, akaongeza, na kama nataka kazi nije kuwapasha warushaji wake joto, yaani kuidaka mipira yao ya kujiandaa.

Hivyo ndivyo nilivyoingia uani. Nyinyi mnapaita kwa jina la Kiingereza, mimi nimepaita uani tangu siku ya kwanza: kile kipande cha uwanja nyuma ya uzio ambapo warushaji wa akiba hujiandaa kabla ya kuitwa. Kuna benchi, feni moja inayozunguka ikipenda, na simu ukutani. Ni kama ua wa nyumba zetu za pwani, kazi yote inafanyika huko na mgeni haoni kitu. Siku yangu ya kwanza nilidaka mipira mia na kitu, jioni nikashindwa kushika kijiti cha kulia chakula. Mzee Tan alinikatia kuku kwa mkono wake mwenyewe akaniwekea bakulini, bila kunitazama, na nadhani ndiyo siku niliyompenda.

Sitawachosha na habari za kuhamahama. Baada ya misimu miwili timu ilibadilisha uongozi, nikaenda mji wa kaskazini ambako mwezi wa nne mpira bado ni jiwe la barafu. Huko nilidumu mpaka mkurugenzi mpya alipouliza mbona orodha ina mdakaji asiyedaka. Mji wa tatu ulikuwa na bahari nzuri, na timu iliyovunjika katikati ya msimu tukiwa ndani ya basi. Dereva ndiye aliyetuambia. Nikarudi Guangzhou kwenye timu nyingine, na huko Mzee Tan alikuwa amenitangulia. Alisema tu kwamba nimenenepa.

Wakati huo nilikuwa nimeshaoa. Mke wangu Mwanaidi ananunua nguo za jumla kwenye masoko ya Guangyuan Xilu na kuzisafirisha nyumbani, na kila mtu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, anajua kazi yake. Yangu ndiyo iliyomtesa kuieleza. Siku moja tulikuwa tunakula kwenye mgahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, akaingia mama mmoja mgeni kutoka Unguja, mteja wake. Akamuuliza shemeji anafanya kazi gani.

"Anadaka mpira," Mwanaidi akasema.

"Halafu?"

"Halafu anaurudisha."

Yule mama alinitazama kwa huruma, akanisogezea sahani ya nyama.

Nizungumzie vifaa, maana hilo mliniuliza. Glovu ya mdakaji ya mkono wa kulia haipo dukani. Niliyokuwa nayo ilipopasuka, nilikwenda kwa fundi mmoja wa mikoba ya kike, kwenye vibanda vya ngozi karibu na stesheni, nikamwekea glovu ya kawaida mezani nikamwomba anishonee kama hiyo iliyogeuzwa. Hakuwahi kuona mchezo huu. Aliizungusha, akainusa, akauliza ni ya kutolea sufuria jikoni? Nikasema ndiyo, maana Kichina changu kilikuwa kimechoka. Baada ya siku nne alinipa glovu bora kuliko zote nilizowahi kuvaa, ngozi nene, mshono wa kubana, ila alikuwa ameiwekea zipu na kifungo cha rangi ya dhahabu kwa mazoea ya mkono wake. Kifungo nilikitoa. Zipu niliiacha, na warushaji walikuwa wakiniuliza kama nimebeba poda. Jambo moja la kujifunza: msipake nazi. Mimi nilipaka mafuta ya nazi msimu mzima, kwa kuwa ndiyo niliyoyajua, na kila nilipoivaa nilikuwa nimetanguliwa na sisimizi.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe. Mzee Tan alinifundisha mambo mawili tu. La kwanza ni sauti. Mpira ukiupokea kwenye kiganja unalia vibaya, kama godoro likipigwa. Ukiupokea pale chini ya kidole cha shahada, mkono ukiwa mlegevu, glovu inatoa mlio mmoja mkavu unaosikika mpaka jukwaani. Mrushaji akiusikia anadhani ana nguvu za ng'ombe. Mabega yanapanda. Anatoka pale akiamini, na nusu ya urushaji ni kuamini. "Hudaki mpira," Mzee Tan alikuwa akisema, "unampa mtu moyo." Nikawa hodari wa mlio. Ningeweza kuufanya mpira wa bibi kizee ulie kama wa kijana. Najisifu hapa kwa sababu hamna pengine pa kunisifu.

La pili lilikuwa simu. Kabla ya kumwita mrushaji uwanjani, kocha mkuu hupiga uani kuuliza yukoje leo. Anayejibu ni mdakaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuhisi mpira. Mzee Tan alilirudia hili mpaka nikalichoka: mlio ni wa mrushaji, ukweli ni wa kocha. Ukimdanganya mrushaji unamsaidia. Ukimdanganya kocha unamuumiza mrushaji.

Mnajua sisi tunavyojibu salamu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema njema, kisha ndiyo unaeleza kwamba paa limeezuliwa na mtoto amelazwa. Ukiulizwa mgonjwa, unasema hajambo, ila jana hakutambua watu. Neno zuri linatangulia, na anayeuliza anajua kusubiri. Kocha Liang hakujua kusubiri. Ni mtu wa haraka, anakata simu kama anayeua mbu. Mara ya kwanza aliponipigia alikuwa anamtaka mrushaji mmoja aliyekula chaza wabovu mchana ule. Akauliza yukoje. "Hao," nikasema, yaani mzuri, na nilipokuwa navuta pumzi niendelee na "ila anatapika", simu ilishakatika. Jamaa akaenda. Alirusha mipira miwili, akainama, akatapika mbele ya watu wote waliolipa kuingia.

Mzee Tan alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akanishika bega, akaniambia nianze na baya. Siku zote, baya kwanza. Nikamwahidi, na nikafanya mazoezi nyumbani. Mwanaidi akirudi kutoka sokoni akaniuliza habari za kazi nilikuwa najibu mbaya, kabla ya kufikiri, naye akaangusha mfuko wa mboga akidhani nimefukuzwa. Baada ya wiki aliniomba niyafanyie mazoezi hayo mahali pengine. Lakini nilijifunza. Kwa miaka kadhaa nilimjibu Liang kama Mchina halisi, na warushaji wengi walirudishwa kwenye benchi kwa neno langu. Walinichukia siku hiyo, na kesho yake walinisamehe.

Kisha Mzee Tan akastaafu, akaenda kukaa kwa mwanawe, na nikabaki mimi na Lao Zhou, yaani Zhou mkongwe.

Zhou alikuwa mtu wa Hunan, mrushaji wa akiba, miaka thelathini na minne, umri ambao kwenye kazi hii ni uzee. Tulikaa benchi moja misimu minane. Mtungi wake wa pilipili ulikuwa hautoki uani, na aliponiletea mara ya kwanza alinisomea maandishi yote ya lebo, neno kwa neno, kunihakikishia hakuna mafuta ya nguruwe. Ramadhani hakunywa maji mbele yangu. Alikuwa akienda nyuma ya uzio na chupa yake, anajificha kama mwanafunzi na sigara, na mimi nilijifanya sioni. Hakuwa mrushaji mkubwa. Alikuwa na mpira mmoja mzuri, wa polepole, unaokuja juu kisha unaanguka mbele ya mpigaji, na aliishi kwa huo miaka kumi na mbili.

Mwanzo wa msimu wangu wa kumi na tano, mpira huo ulianza kunifikia umekufa. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi. Ulikuwa unakuja, ila haukuwa na mtu ndani yake. Nilimtazama, nikamwona anashika kiwiko akidhani nimeinama. Tulipokaa aliniambia bila kuulizwa. Kiwiko kilikuwa kinamuuma tangu majira ya baridi, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinakufa ganzi. Akaniomba nisimwambie Liang. Binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa analelewa na babu na bibi kijijini, na likizo ya kiangazi angekuja Guangzhou. Hakuwahi kumwona baba yake akiwa kazini. Akishakuja, Zhou alisema, basi, mambo yataisha.

Nikakubali. Nani angekataa? Nikampa milio ambayo sijawahi kumpa mtu. Mpira unakuja maiti, mimi naupokea unapasuka kama baruti, warushaji wenzake wanageuka kutazama. Liang akipiga simu nasema hao, hao kavu isiyo na ila, na kwa bahati Zhou alikuwa anaitwa mara chache na kwa muda mfupi. Kila aliporudi salama nilijiambia kwamba namsaidia rafiki. Yeye alikuwa akirudi ananitazama, anatabasamu kidogo, anakaa, anaweka barafu kwenye kiwiko. Hatukulizungumza tena.

Binti alikuja siku yenye joto lile la Guangzhou linalomshika mtu shingoni. Aliitwa Xiaolan. Alikuwa na mikia miwili ya nywele, begi la shule mgongoni, na ndani yake daftari la kazi za likizo. Zhou alimleta kabla ya mechi, akamkalisha kwenye kiti cha mwisho kabisa, kando ya uzio wetu. Nilimtania. Nilimwambia umeletewa mgeni kutoka mbali halafu unamkalisha jikoni, maana pale uwanja hauonekani, unaona migongo yetu tu na feni. Viti vya nyuma ya mpigaji vilikuwa vitupu, ningeweza kumwombea. Zhou akasema hapa panatosha. Nikadhani ni ule ubahili wa watu wa kijijini kwao, nikamtania na kwa hilo pia.

Mpaka zamu ya sita kati ya tisa tulikuwa tunaongoza kidogo, na Zhou akaanza kupasha joto. Binti alifunga daftari akasimama, ameshika waya wa uzio kwa vidole. Mpira wa kwanza ulinifikia laini. Wa pili ulidondoka kabla ya kufika. Wa tatu aliurusha, akaukunja mkono tumboni akaubakiza pale, na nikaona jasho lake si la joto. Sikuwa na shaka yoyote. Nawaambia hili waziwazi ili msije mkanitafutia udhuru: nilijua, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba kiwiko kile kimekwisha. Na bado mipira iliyofuata niliipigisha milio, kwa sababu mtoto alikuwa anasikiliza.

Simu ikalia. Nikaenda nikaipokea.

"Zhou yukoje?" Liang akauliza.

"Hao," nikasema.

Nikavuta pumzi. Simu ikakatika.

Nimewasimulia watu kadhaa habari hii, na kila mara nimesema nilikuwa na neno "ila" mdomoni. Mwanaidi ananiamini. Labda ni kweli. Lakini simu ile ina kitufe kimoja tu, ukikibonyeza unampata Liang palepale, na mimi nilisimama nimeshika mkono wa simu nisikibonyeze. Zhou alivaa kofia taratibu. Alimtazama binti yake. Kisha akaja mpaka kwenye geti la uzio, akasimama, akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu kuliko mtu anayeaga. Nikadhani ana wasiwasi, anataka moyo, na kumpa mtu moyo ndiyo kazi niliyokuwa hodari nayo. Nikamwinulia dole gumba.

Akafungua geti akaenda.

Mpigaji wa kwanza alitoka kwa bahati, alipiga mpira juu ukadakwa. Wa pili naye akatoka. Nikaanza kujipongeza, nikamgeukia mtoto nikamwonyesha vidole viwili, bado mmoja zamu iishe. Yeye hakuwa anatazama vidole vyangu. Kwa mpigaji wa tatu Zhou alirusha ule mpira wake wa polepole, na mpira ukaenda pembeni kabisa ukabiringika kwenye nyasi, naye akabaki amesimama ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake na hajui pa kukiweka.

Nilitoka mbio. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kukanyaga uwanja wakati wa mechi rasmi, na hata hiyo sikuifanya vizuri, kwa kuwa mwamuzi alinizuia katikati akaniuliza mimi ni nani. Nilikuwa nimevaa jezi ya timu, namba mgongoni, misimu yote ile, na ilibidi wafungue karatasi watafute jina langu. Nilipofika kwa Zhou daktari alikuwa ameshafika. Uso wa Zhou ulikuwa mweupe. Hakunilaumu. Alielekeza kidevu upande wa uani, kwa binti, nikaelewa kwamba nikamchukue.

Xiaolan alikuwa ameshaweka daftari kwenye begi, amekaa, magoti pamoja. Hakuwa analia. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia twende hospitali, baba hajambo, mkono tu ndio umeteguka kidogo. Yaani hata hapo nilianza na zuri.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa adabu.

"Baba alisema leo hatacheza," akaniambia. "Alisema nikae hapa nimwone akirusha kwako, kwa sababu hapa ndipo mwisho wake. Alisema yeye hawezi kumwambia kocha, ila wewe utamwambia simu ikilia."

Nikavua glovu.

"Mbona hukumwambia, mjomba?"

Nilimbebea begi lake, tukatoka kwa geti la nyuma kutafuta teksi. Njia nzima aliangalia dirishani na mimi niliangalia mikono yangu. Niliona aibu ambayo haijaniisha, na sitarajii iniishe kwa kuandika. Nilicheza msimu mmoja zaidi, kama neno kucheza linafaa. Liang alinipigia simu kama kawaida na mimi nilijibu kama inavyotakiwa, baya kwanza, kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na baya. Kisha nikaomba kuondoka.

Zhou alipasuliwa kiwiko mara mbili. Mishipa ya vidole haikurudi. Yuko kwao Hunan, ana shamba la machungwa la wazee wake, na tunapozungumza kwenye simu tunazungumza mvua na watoto. Lile swali la binti yeye hajaniuliza hata siku moja. Kila mwaka mpya wao unapokaribia hunitumia boksi la machungwa, Mwanaidi anayagawa kwa majirani, mimi nabaki na boksi mkononi nikisoma anwani. Jina langu limeandikwa vizuri, herufi zimenyooka. Ni mwandiko wa Xiaolan, kwa sababu baba yake hawezi tena kushika kalamu.